Vyuma vya Saruji: Usanifu wa Vifaa vya Kunyanyulia Uzito Majumbani katika Eneo la Kihanga, Karagwe

John Hanning Speke, aliyefika Karagwe Novemba 1861, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1863 masimulizi aliyoyapata kuhusu namna Rumanika alivyoupata ufalme. Baada ya kifo cha baba yao, Ndagara, wana watatu waliwania kiti. Wakuu wa dola wakaweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya kwa kuitazama, lakini iliyotiwa dawa ili imlemee kila asiye na haki ya kutawala. Ndugu wawili hawakuweza kuiinua. Rumanika aliinua kwa kidole chake kidogo. Wanahistoria wameyasoma masimulizi hayo kama hoja ya uhalali wa utawala, na ndivyo yanavyostahili kusomwa. Hata hivyo yanathibitisha jambo jingine ambalo halijapewa uzito: katika nchi ambamo leo imo kata ya Kihanga, kuinua kitu kizito mbele ya mashahidi kulikuwa kipimo kinachoeleweka na wote muda mrefu kabla ya mtu yeyote kutengeneza kifaa kwa ajili ya mazoezi tu.

Chuma nacho kilikuwa na hadhi yake. Miongoni mwa alama za ufalme wa Karagwe zilizotunzwa Bweranyange zilikuwamo fuawe zenye umbo la nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Utafiti wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliochapishwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba wahunzi wa nchi jirani ya Buhaya walikuwa na ujuzi wa hali ya juu wa kuyeyusha chuma tangu kale. Lakini majaribio yaliyoambatana na utafiti huo katika miaka ya 1970 yalitegemea kumbukumbu za wazee, kwa kuwa chuma cha kununuliwa kilikwisha kuchukua nafasi ya kile cha tanuri za kienyeji. Kizazi kilichoanza kunyanyua vyuma kwa ajili ya kujenga mwili kilirithi eneo lenye historia ndefu ya chuma lakini lisilozalisha tena chuma chake. Usanifu wa vifaa vyake ulianzia kwenye upungufu huo.

Kwingineko duniani mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1902 Alan Calvert alianzisha kampuni ya Milo huko Philadelphia, Marekani, akauza fito zenye uzito unaoweza kuongezwa kidogo kidogo. Mwaka 1928, kwa Michezo ya Olimpiki ya Amsterdam, Mjerumani Kaspar Berg alitengeneza ufito ambao sahani zake zilizunguka zenyewe bila kuzungusha mshikio. Hatua zote mbili zilihitaji kiwanda cha kuchonga chuma kwa vipimo. Kuvilinganisha vifaa vya vijijini na mkondo huo, kisha kuviita uigaji duni, ni kosa la mbinu. Fundi wa kijijini alikabiliwa na swali tofauti: uzito upatikane vipi pasipo chuma?

Jibu lililoenea Tanzania ni saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji mwaka 1966, na kadiri nyumba za matofali na sakafu za zege zilivyoongezeka, masalio ya ujenzi yalipatikana pamoja na makopo ya rangi na ndoo mbovu za kuyamiminia. Zege lina uzito wa takriban kilo 2.4 kwa lita. Kopo la lita 4 hutoa karibu kilo 9.5, na ndoo ya lita 20 hutoa karibu kilo 48. Chombo chenyewe, basi, ndicho mizani. Asiye na mizani hujua uzito wake kwa kusoma maandishi ya ujazo ubavuni mwa kopo, na huu ni werevu ambao maandishi ya kitaaluma kuhusu michezo yameupita bila kuutazama.

Matatizo yalikuja baada ya hapo, na ndipo usanifu wa kweli ulipo. Bomba la maji lililopachikwa katika zege bila maandalizi hulegea, kwa sababu uso wa bomba ni laini. Dawa yake ni kutoboa ncha ya bomba na kupitisha msumari mrefu au kipande cha nondo kwa upande kabla ya kumimina. Ncha mbili haziwezi kumiminwa kwa pamoja: ya kwanza hukaa siku kadhaa ikimwagiwa maji, ndipo ufito ugeuzwe juu chini kwa ajili ya ya pili. Bomba likiinama kidogo tu wakati huo, kifaa kitavuta upande mmoja maisha yake yote. Bomba jembamba pia hupinda katikati. Kulirefusha huzidisha kupinda. Linalosaidia ni unene, kwani ufito usio na uwazi ukiongezwa kipenyo mara mbili, mkazo ndani yake hupungua mara nane. Ndiyo maana mti mnene wa mkaratusi, ambao Karagwe hauhitaji kuagizwa kutoka mbali, unaweza kulishinda bomba la inchi moja kwa mzigo uleule.

Jambo lenye madhara zaidi kwa mwili ni kimo. Sahani za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, hivyo ufito huwa sentimita 22.5 kutoka sakafuni. Ndoo yenye kipenyo cha sentimita 30 huushusha hadi 15. Mnyanyuaji hulazimika kuinama zaidi, na mgongo wa chini ndio unaolipa. Matofali mawili chini ya ndoo hurudisha kimo hicho. Marekebisho haya ni rahisi mno kiasi kwamba mtafiti anayeyakuta uani huenda akayadhania matofali yaliyosahauliwa.

Hapo ndipo ugumu wa ushahidi unapoanza. Alama za Bweranyange zilitunzwa kwa kuwa zilikuwa za mfalme. Ufito wa saruji hauna mtunzaji: zege likipasuka hutupwa shimoni barabarani, bomba hurudi kwenye kazi ya maji au huuzwa kama chuma chakavu, na ndoo ilikwisha kuchanwa siku zege lilipokauka. Kinachobaki ni neno. Wanaonyanyua makopo ya saruji bado husema wananyanyua *vyuma*.