Kuua kwa Wajibu: Mwindaji, Mvuvi na Harakati za Kutetea Wanyama

Mtu anayeishi kwa kuua wanyama au samaki huonekana hana nafasi katika harakati za kuwatetea. Mwanaharakati humwona mwindaji kuwa mtuhumiwa. Mwindaji naye humwona mwanaharakati kuwa mtu aliyeshiba anayemkataza mwenye njaa kutafuta kitoweo. Makala haya yanashikilia kwamba pande hizi zinaweza kupatana kwa hoja, wala si kwa kuvumiliana tu. Sharti ni moja: haki ya kuua itokane na wajibu ambao wengine wanaweza kuukagua. Anayeua awajibike kwa wanyama wanaobaki na kwa makazi yao, na asijivue dhamana ya maumivu ya yule aliyemuua. Sharti hilo likitimia, mwindaji au mvuvi anaweza kusimama katika harakati za mazingira bila kujipinga. Likivunjwa, kibali chenye muhuri wa serikali hakimtakasi.

Historia ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, nchini Kenya, inafaa kuangaliwa kwanza, kwa kuwa huko wazo la kuwaondoa wawindaji lilijaribiwa hadi mwisho. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1948 katika nchi ambamo Wawaata, ambao majirani wao waliwaita Waliangulu, waliwinda tembo kwa pinde nzito na mishale ya sumu. Nyama ilikuwa chakula, lakini pembe zilikwenda pwani kwa wafanyabiashara, na si haki kuificha sehemu hiyo ya habari. Katika miaka ya 1950 kampeni iliyoongozwa na wasimamizi wa hifadhi, David Sheldrick na Bill Woodley, iliwakamata na kuwafunga wengi wao. Mwaka 1960 ukafuata mpango wa Galana, mashariki mwa hifadhi, ambao Ian Parker aliusimamia ili Wawaata waruhusiwe kuwinda kwa kiwango na kwa halali. Mpango huo haukudumu. Ndani ya hifadhi tembo walijazana, miti ikaangushwa, vichaka vikageuka mbuga za nyasi. Mtafiti Richard Laws alipendekeza baadhi ya tembo wauawe ili wengine wapate malisho; Sheldrick alikataa, akiamini kwamba maumbile yaachwe yajirekebishe yenyewe. Ukame wa 1970 na 1971 ulipopiga, maelfu ya tembo walikufa kwa njaa, wengi wao majike na watoto. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 6,000 au zaidi.

Sidai kwamba mishale ya Wawaata ingezuia maafa hayo. Wala simdhihaki Sheldrick, kwa sababu uoto wa Tsavo ulirudi baadaye, na wapo wanaoona kwamba wakati ulimpa haki. Ninachokisisitiza ni kwamba uamuzi wa kutoua nao ni uamuzi, na una vifo vyake. Tembo aliyedhoofika kwa miezi mingi huku mtoto wake akikauka ubavuni hakuteseka kidogo kuliko aliyepigwa mshale, ila kifo chake hakina mtu wa kushtakiwa. Maadili yanayouliza tu ni nani aliyeua hayawezi kukiona kifo cha namna hiyo. Tena yaliwaondoa kwenye meza ya maamuzi watu walioifahamu mienendo ya tembo kuliko yeyote, wakaachwa bila riziki na bila sauti.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji nchi nzima. Utafiti wa Joseph Ogutu na wenzake, uliochapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba wanyamapori katika maeneo ya malisho ya Kenya walipungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka huo wa marufuku. Katika kipindi hichohicho kondoo na mbuzi waliongezeka kwa takriban asilimia 76. Mtu anaweza kujibu, na ni jibu zito, kwamba marufuku haikusababisha upungufu huo, na kwamba bila yake hali ingekuwa mbaya zaidi. Sina ubishi na nusu ya kwanza ya jibu hilo. Sababu kubwa ni ongezeko la watu, mashamba, uzio, mifugo, ukame na mitego ya nyaya. Lakini hapo ndipo hoja ilipo: adui mkubwa wa pofu na nyumbu hakuwa mwenye leseni ya bunduki, na harakati zilizohesabu ushindi wao kwa kumwondoa huyo hazikuwa zimeligusa tatizo lenyewe. Anayekula nyama ya mbuzi aliyelishwa palipokuwa na swala, kisha akamlaani anayekula swala, hajahesabu gharama yote ya mlo wake.

Wapenzi wa uwindaji wasishangilie mapema. Selous, upande wa Tanzania, ilikuwa kwa miongo mingi pori la akiba lililogawanywa katika vitalu vya uwindaji wa kitalii, na tuliambiwa kwamba fedha za wawindaji ndizo zinazolinda tembo. Katikati ya miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 100,000 humo. Sensa ya 2013 ilikuta takriban 13,000. Majangili ndio waliowaua, lakini vitalu vilikuwepo na ada zililipwa muda wote huo. Kwa hiyo marufuku peke yake haikulinda, na leseni peke yake haikulinda. Kinachokosekana katika mifano yote miwili ni mtu wa karibu, mwenye riziki yake mahali pale, aliyepewa mamlaka ya kuzuia na anayebanwa na wenzake asipozuia.

Mtu huyo tunampata wazi zaidi baharini. Mwaka 2004 wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, waliamua kuifunga sehemu ya miamba yao kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Mwamba ulipofunguliwa, pweza walikuwa wakubwa zaidi, na utaratibu huo ukaenea hadi vijiji vya Pemba, Unguja na pwani ya Tanzania Bara. Nguvu yake iko katika ukaguzi. Kijiji kizima kinajua siku ya kufunga na siku ya kufungua. Wanawake wanaokwenda pwani maji yakitoka wanajua ni nani aliyeingia mwamba uliofungwa, na mwizi wa pweza hana pa kujificha sokoni. Watu haohao wana sababu ya kumkamata mpiga baruti kuliko mkazi yeyote wa mjini, kwa kuwa bomu moja hubomoa matumbawe ambayo hayatarudi katika uhai wa wajukuu wao. Kisiwani Misali, Pemba, ambako eneo la hifadhi lilitangazwa mwaka 1998, wavuvi walihimizwa kwa mafundisho ya Kiislamu juu ya amana na kutofanya ufisadi katika ardhi, nao waliyaelewa vizuri zaidi kuliko vipeperushi vya kitaalamu.

Hapa mtetezi wa wanyama atauliza swali gumu kuliko yote: pweza anafaidika nini kwa kufungiwa mwamba, ikiwa kinachomngoja siku ya kufungua ni chuma chenye ncha? Swali hili haliwezi kupuuzwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2022 imemtambua pweza kuwa kiumbe mwenye hisia, na anayeyafahamu maarifa ya pweza katika kujificha na kuziba pango lake hatashangaa. Anayefuata mafundisho ya mwanafalsafa Tom Regan, aliyeandika mwaka 1983 kwamba mnyama ana haki isiyoweza kufidiwa kwa manufaa ya wengine, hawezi kupatana na mvuvi, nami sitamlazimisha. Lakini wengi walio katika harakati hizi hawaishi kwa msimamo huo. Wanataka mateso yapungue na spishi zisitoweke. Kwao mvuvi anayetumia mshipi, dema au chuma kwa kiwango ni mshirika dhidi ya jarife, wavu mkubwa unaonasa kasa, pomboo na nguva na kuwaacha wazame bila kukusudiwa na mtu. Na kwa upande wake mvuvi anadaiwa jambo asilozoea kudaiwa: kuua haraka. Utamaduni wa pwani tayari unaagiza kisu kinolewe kabla ya kuchinja; hakuna sababu ya agizo hilo kuishia kwa mbuzi na kuku. Mwindaji wa bara naye auache mtego wa waya, unaomshika mnyama kwa siku nzima na usiochagua kati ya dume na jike mwenye mimba.

Kigezo cha wajibu kinapata mtihani wake mkali zaidi katika uwindaji wa nyara. Tembo wa Amboseli, kusini mwa Kenya, wamefuatiliwa tangu 1972, kila mmoja kwa jina na ukoo, katika utafiti ulioanzishwa na Cynthia Moss. Utafiti huo umetufundisha kwamba madume wenye umri mkubwa ndio wanaozaa zaidi na ndio wanaofuatwa na vijana. Madume hao huvuka mpaka kwenda Enduimet, upande wa Tanzania, magharibi mwa Kilimanjaro. Baada ya baadhi yao kupigwa risasi katikati ya miaka ya 1990, palikuwa na makubaliano ya kutowawinda, yakaheshimiwa kwa karibu miaka 30. Kuanzia Septemba 2023 wakapigwa wengine wasiopungua watano katika muda wa miezi michache, wakiwemo wenye pembe kubwa za kipekee. Vibali vilikuwepo. Inasemwa kwamba ada husaidia vijiji, na ni kweli kwamba vijiji vya Enduimet vinastahili kulipwa kwa kuishi na tembo wanaokula mahindi yao. Lakini mwindaji aliyepiga risasi hakuishi na matokeo yake, hakuhitaji nyama, na alimchagua yule ambaye kundi lilimhitaji kuliko wote. Msaka kitoweo wa Kihadzabe katika bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, ambako jamii yake ilipata hati ya kimila ya ardhi mwaka 2011, anabeba wajibu wote ambao mwindaji huyu hakubeba hata sehemu yake. Kuwaweka wawili hawa katika kundi moja, ama kwa kuwatetea ama kwa kuwalaani, ni kosa.

Serikali za Tanzania na Kenya ziyarudishe makubaliano ya Amboseli, safari hii kwa maandishi yenye nguvu ya kisheria, na vijiji vya Enduimet vilipwe fidia ya mapato vitakayoyapoteza.