Tuzo na Mpenzi wa Roki

Katika taarabu za pwani ya Afrika Mashariki, neno tuzo lina maana inayoonekana kwa macho. Mwimbaji akiimba ubeti uliomgusa mtu moyoni, mtu huyo huinuka kitini, humwendea kwa mwendo wa madaha, na kumtuza mbele ya kadamnasi. Hapana anayeketi kando na kalamu kuhesabu kura. Mpaji ni msikilizaji mwenyewe, na kipaji hutoka mkononi mwake. Kutokana na kitenzi hicho cha kutuza limezaliwa jina tuzo, ambalo siku hizi hutumika kwa kila namna ya zawadi, hata zile zitolewazo na watu wasiopata kumsikia mwimbaji akiimba. Asili hiyo ya neno yafaa kukumbukwa na mtu atazamaye ugomvi wa miaka zaidi ya sitini baina ya wapenzi wa muziki wa roki na watoaji wa tuzo za muziki nchini Marekani. Ukichunguzwa vema, ugomvi huo si juu ya bendi ipi ni bora. Ni ugomvi juu ya nani mwenye haki ya kutuza.

Tuzo mashuhuri kupita zote katika muziki wa Marekani ni Grammy, iliyopewa jina kutokana na gramafoni, mashine ya zamani ya kupigia santuri. Chama kinachoitoa kiliasisiwa mwaka 1957, na sherehe yake ya kwanza ilifanywa tarehe 4 Mei 1959. Wanachama wake hawakuwa wasikilizaji, bali watu wa kazi: waimbaji, wapigaji, watungaji, mafundi wa sauti na wasimamizi wa kurekodi. Hapo ndipo lilipo shina la mambo yote yaliyofuata. Katika sherehe hiyo ya kwanza, albamu bora ya mwaka ilikuwa ya Henry Mancini, na rekodi bora ya mwaka ilikuwa ya Mwitalia Domenico Modugno. Wote wawili walikuwa mafundi wa kweli. Lakini mwaka 1958, ambao kazi zake ndizo zilizopimwa usiku ule, ndio mwaka Chuck Berry alipotoa Johnny B. Goode, na hapakuwa na tuzo hata moja iliyotajwa kwa jina la muziki wake. Mwaka 1977 wimbo huo ulitiwa katika santuri ya dhahabu, ukarushwa angani ndani ya chombo cha Voyager ili viumbe wa mbali, kama wapo, wausikie. Chama cha Grammy kilimpa Berry tuzo ya heshima mwaka 1984. Kwa hiyo yamkini nyota zilimtambua kabla yao.

Mpenzi wa roki huanza hesabu yake hapo, na hesabu hiyo ni ndefu. Elvis Presley, aliyeitwa mfalme wa muziki huu, alipata Grammy tatu za mashindano maishani mwake, na zote tatu zilikuwa za nyimbo za dini. The Rolling Stones walianza kupiga mwaka 1962; Grammy yao ya kwanza ya mashindano waliipata mwaka 1995, walipokwisha kuwa na wajukuu au umri wa kuwa nao. Led Zeppelin walivunjika mwaka 1980 baada ya kufa mpiga ngoma wao, John Bonham. Tuzo yao ya albamu bora ya roki ilikuja mwaka 2014, kwa onyesho lililorekodiwa London mwaka 2007, mtoto wa marehemu akiwa ameketi kwenye ngoma za baba yake. Jimi Hendrix alikufa mwaka 1970 bila ya kuipata hata moja. The Beatles peke yao ndio waliotunzwa mapema: mwaka 1965 walipewa mbili, na mwaka 1968 albamu yao Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ilikuwa albamu ya kwanza ya roki kupata tuzo ya albamu bora ya mwaka.

Jina la rock and roll lilijitokeza katika orodha ya tuzo mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha likafifia. Tuzo maalumu za roki, nne kwa mpigo, zilianza katika sherehe ya mwaka 1980. Bob Dylan alipewa ya wanaume, Eagles wakapewa ya vikundi, na ile ya wanawake ikaenda kwa Donna Summer, ambaye dunia nzima ilimjua kuwa malkia wa disko. Wapenzi wa roki walikunja nyuso. Ukweli ni kwamba wimbo wenyewe, Hot Stuff, una gitaa kali kuliko nyimbo nyingi zilizoitwa roki mwaka ule, na mtu mwenye insafu atakiri kwamba safari hiyo waamuzi walisikiliza kwa masikio, ilhali mashabiki walisikiliza kwa jina.

Kisa kinachowahusu zaidi wasomaji wa Kiswahili ni cha kijana aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi waliotoka India, na baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Unguja, na mwaka 1964, mwaka wa mapinduzi, yeye na jamaa zake walihamia Uingereza. Huko akawa Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen. Wimbo wake Bohemian Rhapsody, wa mwaka 1975, una urefu wa karibu dakika sita, hauna kiitikio, na katikati yake umechanganywa na uimbaji wa opera. Hata hivyo ulishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa majuma tisa. Waingereza waliutuza mwaka 1977, wakiuhesabu pamoja na wimbo mmoja mwingine kuwa bora katika miaka 25. Mwaka huo huo wimbo uliteuliwa kuwania Grammy mbili, na haukupata hata moja. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991. Queen hawakuwa wamepata Grammy ya mashindano, na ile ya heshima ya maisha ilitolewa mwaka 2018, miaka 27 baada ya kifo chake. Mwezi Februari 2019 mwigizaji Rami Malek alipewa Oscar kwa kumwigiza Mercury katika filamu. Hivyo Marekani ilimtuza kivuli zaidi kuliko ilivyomtuza mwenye kivuli, na hakuna jambo linalotajwa kwa uchungu zaidi na wapenzi wa Queen kuliko hilo.

Si haki, lakini, kuwafanya waamuzi kuwa maadui wa muziki. Mtu wa kazi humpima mwenzake kwa vipimo vya kazi: usafi wa sauti, ustadi wa mpangilio, ugumu wa jambo lililojaribiwa. Mpenzi hupima kwa kumbukumbu. Bendi aliyoisikia akiwa na miaka kumi na mitano, usiku, redio ikiwa imewekwa chini ya mto ili wazazi wasisikie, haitashindwa kamwe na bendi nyingine, na kama ingeshindwa angejiona yeye ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo yeye naye si hakimu wa kuaminiwa. Zaidi ya hayo ana kauli mbili: kwa upande mmoja husema kwamba tuzo ni bati lililopakwa rangi ya dhahabu, kwa upande wa pili anazijua kwa mwaka na kwa idadi zile walizonyimwa watu wake. Mtu hahesabu deni la kitu asichokitaka.

Ugomvi wote huu ulipata sura yake kamili katika usiku mmoja, tarehe 22 Februari 1989, Los Angeles. Mwaka huo chama kiliongeza kwa mara ya kwanza tuzo ya roki nzito na metali, muziki ambao vijana walikuwa wakiununua kwa mamilioni ya santuri huku redio nyingi zikiukwepa. Walioteuliwa walikuwa watano: AC/DC, Iggy Pop, Jane's Addiction, Jethro Tull na Metallica. Metallica, vijana waliotokea California, walikuwa wametoa albamu ndefu na chungu iitwayo ...And Justice for All, na usiku ule walipanda jukwaani wakapiga wimbo wao One, unaosimulia habari za askari aliyekatwa viungo vyote na vita. Hapana aliyekuwa na shaka. Alice Cooper na Lita Ford walifungua bahasha, na jina lililosomwa likawa Jethro Tull.

Jethro Tull ni bendi ya Kiingereza ya tangu mwaka 1967, na kiongozi wake, Ian Anderson, hupuliza filimbi akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama korongo. Ni wanamuziki hodari. Hata wao wenyewe hawakujiita watu wa metali, na hawakuwamo ukumbini, kwa kuwa hawakutazamia kushinda. Miguno ilisikika. Kampuni yao ya santuri ilifanya jambo la busara: ilitoa tangazo lenye picha ya filimbi kati ya vyuma, na maneno ya kudai kwamba filimbi nayo ni ala ya metali. Metallica nao wakabandika juu ya albamu yao karatasi iliyotangaza kuwa wao ndio walioshindwa katika Grammy, na santuri zikauzwa vivyo hivyo.

Sababu ya kosa haikuwa hila. Kura zilipigwa na wanachama wengi, na wengi wao hawakusikiliza metali kabisa. Mpiga violini au fundi wa nyimbo za mapenzi alipofika kwenye ukurasa ule wa karatasi ya kura, alikuta majina matano, akachagua jina alilolijua tangu ujana wake. Ndiyo namna ugeni unavyoingia katika uamuzi: si kwa chuki, bali kwa mtu kuulizwa asichokijua na kuona haya kunyamaza. Mwaka uliofuata chama kiliigawa tuzo hiyo mara mbili. Metallica walipewa ya metali kwa wimbo ule ule One, na ya roki nzito ikaenda kwa Living Colour, bendi ya Wamarekani weusi wa New York, katika muziki uliotoka kwa mababu zao na ambao vijana wengi walikuwa wamekwisha kusahau ulikotoka. Mwaka 1992 Metallica waliposhinda tena, mpiga ngoma wao, Lars Ulrich, aliwashukuru Jethro Tull kwa kutotoa albamu mwaka ule.

Roki ilipokwisha kupata umri, ilijijengea hukumu yake yenyewe. Rock and Roll Hall of Fame, ambayo yaweza kuitwa Jumba la Sifa la Roki, iliasisiwa mwaka 1983, ikawaingiza watu wake wa kwanza mwaka 1986, Chuck Berry na Little Richard wakiwa miongoni mwao, na mwaka 1995 ikafungua makumbusho Cleveland. Kanuni ni kwamba msanii hufikiriwa baada ya kupita miaka 25 tangu rekodi yake ya kwanza. Wengi walidhani ugomvi umekwisha. Kumbe ulihama nyumba tu. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke aliyepiga gitaa la umeme na nyimbo za kanisa kabla ya wanaume wengi waliosifiwa kwa kuvumbua roki, aliingizwa mwaka 2018, ilhali alikufa mwaka 1973. Tangu uchaguzi wa mwaka 2013 Jumba liliruhusu umma kupiga kura, nao ukapiga kwa wingi. Lakini kura zote za umma hujumlishwa kuwa karatasi moja tu, miongoni mwa karatasi mia kadhaa, na baadaye zaidi ya elfu, za wapiga kura rasmi. Mwaka 2020 Dave Matthews Band waliongoza kura za umma kwa kura zaidi ya milioni moja, na jina lao halikusomwa. Waliingizwa mwaka 2024. Watu milioni moja waliinuka vitini kwenda kutuza, wakakuta wamepewa mkono mmoja wa kutolea.

Wale waliosubiri kwa subira kuliko wote labda ni wapenzi wa Rush, bendi ya watu watatu kutoka Kanada, ambao albamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1974. Walitunga nyimbo ndefu zenye hesabu ngumu za mapigo, na maneno yake yaliandikwa na mpiga ngoma, Neil Peart, msomaji mkubwa wa vitabu. Kwa zaidi ya miaka kumi baada ya kustahili hawakuteuliwa hata mara moja. Walipoteuliwa hatimaye, umma uliwapa nafasi ya kwanza, na wapiga kura wakakubali. Sherehe ilifanywa Los Angeles tarehe 18 Aprili 2013. Kila jina la Rush lilipotajwa, vifijo vilijaa ukumbi. Peart alisema machache, Geddy Lee akasema yake ya shukrani. Kisha akasimama mpiga gitaa, Alex Lifeson. Alisema bla bla bla, na hakusema neno jingine lolote. Kwa dakika kadhaa aliendelea na sauti hiyo moja, akiigiza kwa mikono na uso safari nzima ya bendi: kuanza, kusafiri, kushindwa, kusubiri simu isiyolia, kupigiwa. Wenzake nyuma yake hawakujua aibu waiweke wapi. Watu wa ukumbini, ambao waliijua hadithi hiyo kwa moyo, walielewa kila kitu.