Mpango wa Karanga wa Tanganyika, 1946–1951: Uchambuzi kwa Mtazamo wa Kimfumo

Mpango wa Karanga umezoeleka kusimuliwa kama orodha ya makosa: udongo mgumu, mvua haba, trekta kuukuu, waziri mwenye pupa. Orodha hiyo ni ya kweli, ila haielezi kwa nini kila jitihada ya kurekebisha kosa moja ilizidisha jingine. Insha hii inalichunguza swali hilo kwa fikra ya kimfumo, ambayo Jay Forrester wa MIT aliijengea msingi katika kitabu chake cha mwaka 1961 kuhusu mienendo ya viwanda. Kwa mtazamo huo, taasisi ni mkusanyiko wa visababishi vinavyoathiriana, na matokeo ya uamuzi huweza kuchelewa hadi mwamuzi asiyatambue kuwa ni yake.

Wazo lilitolewa mwaka 1946 na Frank Samuel wa United Africa Company, wakati Uingereza ikikabiliwa na uhaba wa mafuta ya kula. Ujumbe wa John Wakefield ulizuru eneo hilo kwa takriban wiki tisa. Baada ya hapo serikali iliridhia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, bila kutanguliza shamba la majaribio.

Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Kipimo cha ekari kilikuwa rahisi kuripotiwa London, na hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Ekari zilipopungua, jibu lilikuwa kuongeza mashine. Mashine nyingi zilikuwa mabaki ya vita. Ziliharibika upesi katika vichaka vya Kongwa, zikadai vipuri na mafundi. Vipuri, mafuta ya trekta na chakula cha vibarua vyote vilipitia bandari ya Dar es Salaam na reli ya kati, njia iliyokwisha kuelemewa. Hivyo kila trekta iliyoagizwa ili kuharakisha kazi iliongeza msongamano uliozifanya nyingine zisimame karakanani. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa Septemba 1947, ambao ulienea kwenye reli, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mkosi kutoka nje. Ni sahihi zaidi kuuona kama sehemu ya mzunguko huohuo, kwa kuwa uliizuia njia ileile ambayo mpango wote uliitegemea.

Mrejesho kutoka ardhini ulikuwapo, ila haukuwa na njia ya kupanda juu. Wagogo walipanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili ukame, na njaa ya Mtunya ya baada ya 1917 ilikuwa bado ndani ya kumbukumbu zao. Maarifa hayo hayakuwa na safu katika ripoti za ekari.

Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa: kwamba uchambuzi wa namna hii huwaondolea lawama wahusika. Hoja hiyo ina uzito, kwani mzunguko hauwezi kuhojiwa bungeni. Hata hivyo, uamuzi wa kuruka majaribio na ule wa kuchagua ekari kuwa kipimo pekee haukufanywa na mfumo. Ulifanywa na watu, kabla mzunguko haujaanza kuzunguka.