Herufi za Kiarabu katika Chapa, na Barua Moja ya Pwani ya Ziwa Nyasa

Sisi walimu wa pwani ya Ziwa twapenda kuwafundisha watoto ya kuwa maandiko yalifika huku pamoja na misheni. Twataja mwaka 1885, wamisionari wa U.M.C.A. walipofanya makao Likoma, na mwaka 1898, Wabenediktini walipoanza Peramiho. Twawaonyesha kaburi la Padre William Percival Johnson huko Liuli, aliyefariki mwaka 1928 baada ya kuwatumikia watu wa Ziwa miaka zaidi ya arobaini na kufasiri Biblia kwa Kinyanja. Hayo yote ni kweli. Lakini kabla ya hayo walikuwako huku watu waliojua wino na kalamu ya tete, wala herufi zao hazikuwa hizi tusomazo sasa.

Jambo hili nilijifunza kwa aibu. Nilipokuwa kijana, mwalimu mpya katika kijiji kimoja kati ya Liuli na Mbamba Bay, nilionyeshwa karatasi iliyokunjwa ndani ya kipande cha ngozi. Nikaona herufi za Kiarabu, nikasema, "Hii ni hirizi, itupeni." Bibi mwenye nyumba hakunijibu neno, aliikunja akairudisha darini. Miaka mingi ilipita, hata akaja mwalimu wa Kurani, Myao wa Tunduru, akaisoma mbele yetu. Kumbe, Kiswahili! Ilikuwa barua ya mtu kwa ndugu yake: salamu nyingi, habari ya chumvi na nguo, na habari ya binti mmoja. Habari ya binti huyo nitairudia.

Wala haikuwa ajabu barua kama ile kuonekana huku. Tangu miaka ya 1840 Jumbe alikaa Kota Kota, ng'ambo ya magharibi, na majahazi yake yalivusha pembe na watu mpaka upande wetu, wapate kupelekwa Kilwa. Livingstone alifika huko mwaka 1861. Kusini yetu walikuwa wakuu wa Wayao, Makanjila kando ya Ziwa na Mataka huko Mwembe, ambao biashara yao na Kilwa iliwaletea waandishi na walimu wa pwani. Penye deni na mkopo pana haja ya barua.

Sasa tutazame herufi zenyewe. Za Kiarabu ni 28, na alama za irabu fupi ni tatu: fataha, kasra na dhamma. Kiswahili kina irabu tano. Basi e na i hushirikiana kasra, o na u hushirikiana dhamma. Tena Kiarabu hakina p wala v; mwandishi wa zamani aliweka b mahali pa p, hata mahali pa mb, na f mahali pa v. Neno lililoandikwa ba-ta laweza kuwa bata, au pata, au mbata. Kuvua na kufua ni sura moja, jambo ambalo kwa wavuvi wetu si dogo! Lakini msomaji wa kale hakuona taabu sana, kwa kuwa neno lililotangulia na lile lililofuata yalimwongoza, kama mtu ajuavyo njia ya nyumbani usiku.

Askofu Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kupiga chapa vitabu vya kwanza vya misheni huko, alilitaja jambo hili katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1870: ya kwamba msomaji wa Kiswahili cha herufi za Kiarabu sharti ajue kwanza yaelekeayo kuwamo, ndipo aweze kusoma. Kwa maoni yangu neno hilo ni haki nusu. Herufi za Kirumi nazo zaficha. Paa la nyumba na paa wa mwituni twayaandika sawasawa, ingawa mtu wa Mombasa huyatamka mbalimbali, moja bila pumzi na la pili kwa pumzi; wala hatusemi kwa ajili hiyo ya kuwa herufi zetu hazifai.

Taabu iliyo kubwa zaidi ilikuwa katika chapa. Herufi ya Kirumi husimama peke yake, kama tofali. Mpiga chapa huitwaa katika kasha na kuipanga. Herufi ya Kiarabu hushikana na jirani yake, na sura yake hugeuka ikiwa mwanzoni, katikati, mwishoni, au pweke. Tena alama za irabu hukaa juu na chini ya mstari. Kwa hiyo kasha la mpiga chapa wa Kiarabu lilitaka vipande vya risasi kwa mamia. Mtambo wa serikali wa Bulaq, Cairo, ulioanzishwa mwaka 1820, ulifanya kazi hiyo kwa ustadi hata herufi zake zikawa kielelezo cha nchi nyingi. Wengine waliepuka risasi kabisa, wakatumia chapa ya mawe: mwandishi huandika kwa mkono, na jiwe hutoa mfano wake. Vitabu vingi vilivyoletwa pwani kutoka Bombay vilichapwa hivyo.

Karibu na mwaka 1880 Sayyid Barghash alianzisha mtambo wake Unguja, ukachapa vitabu vya Kiarabu vya dini na sheria ya Kiibadhi, vingine vya majuzuu mengi. Angalieni, katika mji mmoja mlikuwa na mitambo miwili: wa Sultani kwa herufi za Kiarabu, na wa misheni kwa herufi za Kirumi. Lakini wa Sultani ulichapa Kiarabu. Kiswahili ulikiachia kalamu. Naona hapo ndipo jambo lilipoamuliwa, kabla ya serikali yo yote kutoa amri. Lugha isiyopata risasi yake hubaki mikononi mwa waandishi, nao hufa.

Na waandishi walikuwa mabingwa. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliandika misahafu na kuitia mapambo ya rangi. Huko Lamu alikuwapo Muhamadi Kijuma, aliyefariki mwaka 1945, mwandishi, mshairi na mchongaji wa milango. Yeye aliwanakilia wataalamu wa Ulaya tenzi nyingi kwa hati nzuri mno, na nakala hizo zimo maktabani kwao hata leo.

Wadachi nao mwanzoni walifuata desturi ya pwani. Pesa ya shaba ya kampuni yao, iliyotolewa mwaka 1890 hata 1892, ilikuwa na tai upande mmoja, na upande wa pili maneno ya Kiarabu, Sharikat Almaniya, pamoja na mwaka wa Hijra. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Aliyeichora alijua ya kuwa mtu wa sokoni hataamini fedha asiyoweza kuisoma. Mwaka 1904 ikaja heller, 100 kwa rupia, wala haina herufi moja ya Kiarabu. Na mwaka huo huo gazeti la Kiongozi likaanza Tanga kwa herufi za Kirumi. Katika muda wa miaka 14 tu msomaji wa sokoni alikuwa amehesabiwa kuwa mtu mwingine.

Walioendelea walijikaza. Mwaka 1930 Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa karatasi yake Sahifa, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Lakini makala zake zilipokusanywa mwaka 1944 kuwa kitabu, Uwongozi, zilichapwa kwa Kirumi, maana vijana aliotaka kuwaonya walikuwa wamekwisha kufundishwa hivyo. Kanga nazo zilipita njia hiyo: majina ya zamani yalikuwa ya herufi za Kiarabu, kisha yakageuka. Mama zetu wa Mbamba Bay wavaao kanga leo huona pindo na mji vile vile, ila jina limebadili mavazi.

Hata Waarabu wenyewe walishindana na chapa. Katika miaka ya 1950 Kamel Mrowa, mwenye gazeti la Al-Hayat huko Beirut, pamoja na kampuni ya Linotype, walipunguza sura za herufi ili mtambo wa magazeti uzimudu. Kazi ilikwenda upesi, lakini herufi zilikakamaa kama mbao.

Kompyuta imeondoa kifungo hicho, kwa kuwa yenyewe huchagua sura ya herufi kwa kadiri ya jirani yake. Na kwa ajili hiyo wachoraji wa siku hizi wanaweza kurudi nyuma bila kuacha kwenda mbele. Khaled Hosny wa Misri alitoa mwaka 2011 herufi ziitwazo Amiri, ambazo ni zile za Bulaq zilizofufuliwa. Wengine wameishika Kufi, hati ya kale yenye mistari iliyonyoka, ifaayo sana kwa nembo na mabango. Nasi tusidhani ni mgeni kwetu, maana msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandiko ya Kufi ya mwaka 1107. Wako pia watu wetu waandikao maneno ya Kirumi kwa kuyapinda na kuyatia nukta ili yafanane na Kiarabu, katika matangazo ya maulidi na migongoni mwa magari. Sipendi kuwacheka, lakini hilo ni kuazima kanzu tu; mwili ni ule ule.

Kwa Kiswahili faida ni hii. Mwalimu Yahya Ali Omar wa Mombasa, pamoja na P. J. Frankl, walitoa mwaka 1997 shauri la namna ya kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu bila utata, p na ch na v zikiwa na nukta tatu, na e na o zikiwa na alama zao. Mwaka 2015 Kevin Donnelly alitengeneza programu iitwayo Andika! kwa kazi hiyo hiyo. Ziko na herufi za Scheherazade, zitolewazo bure na SIL, zenye nyongeza kwa lugha nyingi. Ndizo nilizozitumia mimi kunakili barua ya yule bibi.

Nakala ilikwenda vema mpaka mstari wa habari ya binti. Mwandishi ameweka pale dhamma na wau. Neno laweza kusomwa nimemuoza, kwa mume. Laweza pia kusomwa nimemuuza. Baada yake zatajwa doti za nguo, ambazo zaweza kuwa mahari, zaweza kuwa bei. Binti yule ni mama wa nyanya yake yule bibi. Katika ukoo wao, ugomvi ukitokea, wako wasemao ya kwamba mlango ule ni wa watumwa. Hati ya kale ilinyamaza juu ya jambo hilo. Herufi zangu mpya, zenye alama moja kwa o na nyingine kwa u, hazikubali kunyamaza. Nilikaa siku mbili na neno lile. Mwisho nikaweka dhamma tupu, kama alivyoandika yeye, na p na v zote nyingine nikazitia nukta zake.

Nikampelekea bibi karatasi mbili, ya zamani na ya sasa. Akaniambia, "Mwalimu, nisomee." Nilipofika pale nikasita. Yeye akasema, "Alimuoza," nami nikaendelea na mstari uliofuata, wenye habari ya chumvi.