Gofu: Maji ndiyo huamua sura ya uwanja

UWANJA wa gofu huchorwa kwa kufuata maji kabla ya kufuata matakwa ya wachezaji. Jambo hili hudhihirika pale uwanja uliozungukwa na majanichai unapolinganishwa na ule wa jangwani.

Katika nyanda za Kericho na Bomet, mvua hunyesha takriban mwaka mzima na nyasi husitawi bila kunyunyiziwa. Uwanja wa gofu wa Kericho, wenye mashimo tisa, umo katika mazingira hayo. Mahali kama hapo kazi kubwa ya mchoraji ni kuyaondoa maji: miteremko na mitaro hupangwa ili mvua ya alasiri isituame.

Jangwani kazi hiyo hugeuka. Zamani, wachezaji katika nchi za Ghuba walicheza juu ya mchanga mtupu. Eneo la kuzunguka shimo lilitengenezwa kwa mchanga uliochanganywa na mafuta ili upepo usiupeperushe, na mchezaji alibeba kipande cha nyasi bandia cha kuwekea mpira. Mnamo 1988, Dubai ilifungua Emirates Golf Club, uwanja wa nyasi wa mashimo 18 uliochorwa na Karl Litten. Nyasi hizo haziwezi kuishi bila kumwagiliwa.

Matajiri wa Marekani walikwenda mbali zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Steve Wynn, mmiliki wa majumba ya kamari, alimwagiza mchoraji Tom Fazio ajenge Shadow Creek karibu na Las Vegas. Jangwa tambarare lilichimbwa, vilima vikainuliwa, vijito vikatengenezwa na maelfu ya miti kupandwa. Mwanzoni waliocheza humo walikuwa wageni wa Wynn pekee.

Bomet haina upungufu huo wa mvua, lakini ina dhamana nyingine. Mito Nyangores na Amala, inayotoka katika Msitu wa Mau, huungana na kuwa Mto Mara, ambao hupita Maasai Mara na Serengeti hadi Ziwa Victoria. Mbolea na dawa zinazotiwa kwenye nyasi za gofu zaweza kusombwa na mvua hadi mitoni, ambako watu na mifugo hunywa. Kwa hiyo, mchoraji wa uwanja katika eneo hili hulazimika kuacha ukanda wa mimea ya asili kandokando ya mto, hata kama kwa kufanya hivyo atapoteza shimo moja.