Maji Iko, Bwana

Hadithi yangu ya kwanza kuhusu Njoro ya zamani niliisomea shosho, nikijua nimeweza. Mfanyakazi anamjibu setla: "Samahani, Bwana, maji hayajachemka." Shosho akacheka mpaka leso ikamwanguka. "Huyu alisomea wapi?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Kamati ya kusanifisha Kiswahili, ile iliyofuata lahaja ya Unguja, iliundwa 1930. Huku Nakuru reli ilikuwa imefika tangu 1900, mashamba ya wazungu yamejaa, na kazi ilikuwa na lugha yake tayari: Kisetla. Ngeli hamna. "Hapana" inakanusha kila kitu. Maji iko, ng'ombe iko, mtoto pia iko.

Sasa, sisi waandishi tukitaka kuchekesha, tunampa mfanyakazi Kiswahili kilichovunjika, mzungu tunampa Kiingereza safi. Lakini nani alivunja? Miaka ya 1930 kulikuwa na kitabu cha F. H. Le Breton, Up-Country Swahili, na jina lake refu linataja waliolengwa: mwanajeshi, setla, mchimba madini, mfanyabiashara, na wake zao. Lugha ilirahisishwa kwa ajili ya hao. Mfanyakazi aliifuata ili aeleweke, maana kutoelewana kulikuwa na bei. Shingoni alivaa kipande ndani ya kikopo cha chuma, na bila sahihi ya mwajiri haendi kutafuta kazi kwingine. Kama ni skwota, sheria ya 1918 ilimdai siku 180 za kazi kila mwaka.

Kwa hivyo nikaandika upya:

"Maji iko?"

"Iko, Bwana."

"Moto?"

"Bado kidogo, Bwana."

"Wewe hapana sikia?"

"Nasikia, Bwana."

Nilikuwa nimeongeza "alisema kwa hasira". Nikafuta. Hiyo "Bwana" ya tatu inatosha.

Ugumu ulikuja jioni. Jamaa yule yule amerudi kwenye laini, anaongea Kikuyu na mkewe, anamuiga mzungu, sentensi zinarefuka, ana utani, ana mipango ya shamba. Kikuyu chake nikiandike kwa Kiswahili gani? Nikimpa Kisetla hata kitandani, nimemfanya mjinga maisha yake yote. Nikampa kile sanifu, na ngeli zote.

Nikamsomea shosho tena. Safari hii hakucheka. Aliuliza kama yale maji yalichemka mwishowe.