Wembe wa Sheffield na Vazi Lake

Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, ilisifika kwa visu tangu zama za Geoffrey Chaucer, na mwaka 1624 mafundi wake walipata chama chao kwa sheria ya Bunge. Lakini wembe uliotangaza jina la mji huo ulitokana na kazi ya fundi saa. Benjamin Huntsman wa Doncaster alichoshwa na springi za saa zilizokatika ovyo, kwa kuwa feleji ya siku zile ilikuwa hapa ngumu, pale laini. Akahamia Handsworth, jirani na Sheffield, na katika miaka ya 1740 akaiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo hadi ikawa ya namna moja. Husimuliwa kwamba mafundi wa Sheffield waliikataa kwa ugumu wake, na hawakuitaka hadi visu vya Ufaransa vilivyofuliwa kwa feleji hiyohiyo vilipoanza kuvishinda vyao.

Wembe wa kukunja ulipigwa nyundo, ukazimishwa moto ukiwa mwekundu, kisha ukapashwa tena kidogo, kama nyuzi 200, usije ukavunjika. Baada ya hapo ulikwenda kwa wanoaji, na gharama ya kazi yao haisomeki kwenye mhuri wowote: vumbi la jiwe na chuma liliwajaa mapafuni, wengi wakafa vijana.

Mipini ya kawaida ilikuwa ya pembe za ng'ombe. Ya matajiri ilikuwa ya pembe za ndovu, na Joseph Rodgers & Sons, wafua visu wa Sheffield, walikuwa na ghala la pembe hizo lililowashangaza wageni. Katika karne ya 19 soko kubwa la pembe Afrika Mashariki lilikuwa Zanzibar, na waliozibeba kutoka bara huenda hawakuwahi kunyolewa kwa nyembe hizo.

Kuchovya, yaani kuuvika wembe utando wa madini mengine, ni habari nyingine. Mwaka 1840 akina Elkington wa Birmingham walipata hataza ya kuchovya fedha na dhahabu kwa umeme, wakitumia maji ya sianidi, ugunduzi wa daktari John Wright. Kwa wembe hilo lilikuwa pambo tu: maandishi ya dhahabu ubavuni, baadaye nikeli mgongoni. Makali yalibaki chuma kitupu, kwani kinoo kingeondoa utando wowote.

Mwishoni mwa karne hiyo Solingen ya Ujerumani ilileta wembe mwembamba ulionolewa kwa kubonyea, na Sheffield ikarudi nyuma. Gillette wa Marekani, na wembe wake usiohitaji kunolewa, akamaliza kazi. Jeshi la Marekani lilipoagiza nyembe zake milioni 3.5 mwaka 1918, vijana walirudi kutoka vitani wakijua kunyoa bila kunoa.

Nyembe za kukunja zilizobaki sasa zimo mikononi mwa warekebishaji. Anayejua kazi huanza kwa kusoma mhuri: nchi ikiandikwa, mara nyingi wembe ni wa baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya 1890. Mpini wa seluloidi unaooza hutoa hewa ya asidi inayokula chuma, kwa hiyo hung'olewa kwanza. Kutu huondolewa kwa msasa na mkono. Mashine ya kung'arisha ikiupasha wembe moto hadi ukawa wa buluu, ugumu umekwenda, na hakuna nikeli itakayourudisha. Hata birika la kuchovyea lina hatari yake: asidi na umeme huingiza hidrojeni ndani ya chuma kigumu, kikawa chepesi kuvunjika.

Kwa maoni yangu, wembe uliotobolewa na kutu kisha ukachovywa nikeli kutoka ncha hadi mkia ni maiti iliyovishwa koti. Mashimo hubaki chini ya mng'ao, na mhuri husuguliwa ukapotea.

Basi ukirithi wembe wa babu, upake mafuta mepesi na uuache na madoa yake. Ukitaka kuchovya, chovya mgongo na shingo tu. Na kama mpini ni wa pembe ya ndovu, usiutangaze sokoni kabla ya kuuliza sheria: tangu Juni 2022 Uingereza yenyewe imepiga marufuku biashara hiyo, isipokuwa kwa vitu vichache vilivyosamehewa.